Dk. Burkitt na thamani ya machicha ya matunda

WASINDIKAJI wengi wa juisi huhesabu machicha na maganda kuwa uchafu wa kulipia gari la taka. Dk. Denis Burkitt hakuwa mfanyabiashara, lakini alitumia miaka yake ya baadaye kueleza hasara ya kuondoa makapi kwenye chakula.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipoteza jicho moja akiwa mtoto, na bado akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alifika Lira, Uganda, kisha akahamia Kampala. Mwaka 1958 alieleza saratani ya taya za watoto ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ili kujua inaishia wapi, mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka hospitali za Afrika kwa gari, kiasi cha maili 10,000.

Aliporudi Uingereza alikutana na hoja za Dk. Cleave, daktari wa jeshi la majini aliyelaumu sukari na unga mweupe. Burkitt akawakumbuka wagonjwa wake wa vijijini Uganda: kidole tumbo na kisukari vilikuwa adimu kwao. Dk. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda, alikuwa ameona hayo hayo. Mwaka 1975 wawili hao walihariri kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi yake.

Burkitt, aliyefariki mwaka 1993, alisifu zaidi pumba za nafaka, na si kila alilodai lilithibitishwa. Kwa matunda, ushahidi mzito uko kwenye pektini. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba ikichanganywa na mlo pamoja na utomvu wa guari, sukari ya damu haipandi sana. Hufanya uji mzito tumboni, sukari ikapenya polepole. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliruhusu chakula chenye gramu 10 za pektini kwa mlo kutangazwa hivyo.

Pektini ya viwandani hutoka kwenye maganda ya machungwa na ndimu, na machicha ya tufaha. Kwa maneno mengine, anayeuza juisi iliyochujwa anauza sukari ya tunda na kutupa breki yake. Anayetaka kuyauza machicha asiyalaze: yakiwa mabichi huchacha upesi, hivyo yakaushwe siku hiyo hiyo.