Bibi Aliyeliachia Jua Kuchora Mwani

Mwani unaobaki ufuoni maji yakipwa, wengi huupita bila kuutazama. Bibi mmoja wa Uingereza aliutazama sana, na kwa bidii yake kikapatikana kitabu cha kwanza chenye picha zilizopigwa kwa nuru. Bibi huyo ni Anna Atkins.

Alizaliwa tarehe 16 Machi 1799 mjini Tonbridge, jimbo la Kent. Mamake alifariki Anna akiwa mchanga, akalelewa na babake, John George Children, mtaalamu wa sayansi aliyefanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London. Zama hizo wasichana wachache walifunzwa sayansi, lakini mzee huyu hakumnyima bintiye elimu. Alipofasiri kitabu cha Kifaransa juu ya makombe ya bahari, mwaka 1823, Anna ndiye aliyemchorea picha zaidi ya 200. Mwaka 1825 akaolewa na Bwana John Pelly Atkins. Hawakujaliwa watoto.

Mwaka 1842, rafiki wa familia hiyo, Sir John Herschel, alivumbua njia ya kupiga picha bila ya kamera, iitwayo sayanotaipu. Hata nyumbani hufanyika. Dawa mbili za chuma, feriki amonia sitrati na potasiamu ferisianidi, huyeyushwa majini, zikachanganywa na kupakwa karatasini kwa brashi, mahali pasipo jua. Karatasi ikikauka gizani, jani hulazwa juu yake, likakandamizwa kwa kioo na kutolewa juani. Kisha karatasi huoshwa kwa maji matupu. Dawa iliyokuwa chini ya kivuli cha jani huondoka, pakabaki umbo jeupe katikati ya buluu iliyoiva kama nili ya kufulia.

Anna aliona faida yake mara moja. Mwaka 1841 mtaalamu William Harvey alikuwa ametoa kitabu cha kueleza mwani wa Uingereza, nacho hakikuwa na picha. Nyuzi za mwani ni nyembamba mno, humshinda mchoraji. Basi Anna akaukausha, akaulaza karatasini, akaliachia jua kuchora. Oktoba 1843 akatoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake. Hata maandishi aliyapiga kwa njia hiyo hiyo.

Mtambo hakuwa nao. Kila ukurasa wa kila nakala ulitaka karatasi yake, dawa yake na jua lake, katika nchi yenye mawingu mengi. Kazi hiyo ilichukua miaka kumi, na nakala kamili ina kurasa karibu 400. Aliwagawia wataalamu na marafiki. Babake alipofariki mwaka 1852, sahibu yake Anne Dixon, waliyekuwa kama ndugu, alikuja kukaa naye, na wawili hao wakapiga picha za kangaga.

Lakini kitabuni hakuandika jina lake. Aliweka herufi mbili tu, A.A. Alifariki tarehe 9 Juni 1871, na baadaye wako waliodhani herufi hizo ni za mtu asiyetaka kujulikana. Sifa ya kutangulia akapewa William Henry Fox Talbot, ambaye kitabu chake kilianza kutoka mwaka 1844. Ni uchunguzi wa miaka ya 1970 na baada yake uliomrudishia bibi huyu haki yake.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chake kilivikwa, ila kwa kuchelewa.