Churchill na Mawe ya Jinja

Oktoba 1907 Mwingereza mwenye umri wa miaka 32 alishuka melini Mombasa. Siku chache baadaye alipanda garimoshi la Uganda, lile livukalo Makupa na kupita hapa kwetu Changamwe, akafurahia kuketi kwenye kibao kilichofungwa mbele ya injini. Alikuwa Winston Churchill, waziri mdogo wa makoloni. Wengi humjua kwa Vita vya Pili vya Dunia. Mimi namkumbuka kwa umeme.

Alizaliwa 1874 katika ukoo wa makabaila. Alikuwa askari farasi na mwandishi wa habari za vita, akatekwa na Makaburu, akatoroka, kisha akaingia bungeni 1900. Safari yake ya 1907 ilimfikisha Jinja, chanzoni mwa Nile. Wenyeji walipaita mahali hapo kwa mawe yaliyopasua maji, na hiyo ndiyo maana ya Jinja. Speke alikuwa amekwisha kupabandika jina la Ripon, bwana mmoja wa London. (Mwanaisimu hawezi kulipita hili kimya.) Penye mawe hayo Churchill aliona nguvu ipoteayo bure. Katika kitabu alichokitoa 1908 aliwazia Nile ikikabwa kooni ili izungushe mitambo. Nionavyo, wazo lilikuwa la mtu mwenye macho makali; ila macho hayo yaliangalia maji tu.

Mwaka 1929, yeye akiwa waziri wa fedha, Uingereza iliiahidi Misri kwamba hapatajengwa kitu cha kupunguza maji ya Nile katika makoloni yake bila ridhaa ya Cairo. Nani alituuliza sisi? Mapatano mengine ya 1949 yaliruhusu bwawa la Owen Falls, wahandisi wa Misri wakikaa Jinja kuchunga kiasi cha maji yaachiwayo. Basi sheria ilikuwapo, tena kali, lakini ilipima maslahi ya Misri. Mvuvi wa Busoga hakuwa na kifungu.

Malkia Elizabeth alilifungua bwawa hilo Aprili 1954, na waziri mkuu wake alikuwa Churchill yule yule. Maporomoko ya Ripon yalikuwa yamezama. Baadaye umeme wa Jinja ulivutwa hadi Nairobi. Nasi wa pwani tumejifunza thamani ya mito: ukame wa 1999 na 2000 ulipoyapunguza maji ya mabwawa ya Tana, taa zilizimwa kwa zamu, na mitambo ya mafuta ya Kipevu ikaelemewa.

Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 yadai athari za bwawa zichunguzwe kabla ya kujengwa. Uganda nayo ilifanya uchunguzi kabla ya Bujagali, lililoanza kazi 2012. Maporomoko yake matakatifu yalizama hata hivyo, ingawa safari hii walau watu waliulizwa.

Churchill alifariki Januari 1965. Bwawa la Owen Falls sasa laitwa Nalubaale, jina la ziwa lenyewe kwa Kiganda. Mji ungali Jinja. Mawe yenyewe yamo chini ya maji.