Dk. Bob: daktari aliyetetemeka mikono

Mama, kama nyumbani una mtu anayeamka akitetemeka mpaka azimue, maisha ya Dk. Bob yanakuhusu.

Robert Smith alizaliwa mwaka 1879 huko Vermont, Marekani. Akawa daktari wa upasuaji mjini Akron, Ohio. Alikunywa miaka mingi, mkewe Anne akihangaika naye. Siku ya Akina Mama, tarehe 12 Mei 1935, alikutana na Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu baada ya kutibiwa hospitalini. Dk. Bob akaacha, kisha akarudia. Asubuhi ya tarehe 10 Juni alikuwa na mgonjwa wa kupasua, lakini mikono haikutulia. Bill akampa bia. Hakunywa tena hadi alipofariki mwaka 1950. Siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous.

Bia ile usiifanye dawa ya nyumbani. Chukua funzo lingine: kutetemeka kule si ukaidi, ni ugonjwa. Mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa ghafla hushtuka. Kutetemeka, jasho na kutapika huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya siku 2 za kwanza. Kuanzia siku ya 2 au ya 3, wengine huchanganyikiwa, hupata homa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua.

Dk. Bob alilijua hilo. Kuanzia mwaka 1939, yeye na Sista Ignatia waliwalaza maelfu ya walevi katika hospitali ya St. Thomas, wakati hospitali nyingi ziliwakataa.

Kwa hiyo usimfungie ndani ili aache kwa nguvu. Mpeleke kituo cha afya kabla hajaacha, hasa kama aliwahi kupata degedege. Atapewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Usimpe vidonge vya usingizi vya mtu mwingine.

Akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Akianza kuweweseka, usingoje kukuche.

Dk. Bob hakupona peke yake. Na wako asiachwe peke yake.