Daktari Burkitt na Uvimbe wa Taya

Wengi wetu hudhani kwamba utafiti wa kansa ni kazi ya majumba makubwa ya Ulaya yenye mitambo ya fedha nyingi. Basi wasomaji wa Visiga na wasikie habari za Daktari Denis Burkitt, aliyepita nchini mwetu mwaka 1961 akiulizia watoto waliovimba taya.

Alizaliwa Ireland tarehe 28 Februari 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Hata hivyo akawa mpasuaji, na mwaka 1946 akaja Uganda, Mkristo wa dhati mwenye kupenda kazi yake.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Majuma machache baadaye akamwona mwingine huko Jinja, uvimbe ule ule. Kisu hakikufaa kitu, na watoto hao walikuwa wakifa baada ya miezi michache. Daktari mwingine angesikitika, kisha akaendelea na zamu yake. Yeye alifukua majalada ya zamani, akapeleka maswali na picha katika hospitali nyingi za Afrika, na penye ugonjwa akachomeka pini katika ramani.

Machi 1961 alieleza mambo hayo London. Msikilizaji mmoja, Daktari Epstein, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege. Oktoba mwaka ule ule Burkitt na madaktari wenzake wawili, Williams na Nelson, wakaondoka Kampala kwa gari kuukuu la pauni 250. Walikwenda kilometa 16,000 hivi, kupitia Tanganyika mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali hata hospitali. Ikaonekana kwamba ugonjwa upo penye joto na mvua, lakini nyanda za juu zenye baridi haupo. Ndiyo ramani ya mbu wa malaria!

Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Achong na Barr, waliona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Karibu sisi sote tunavyo, navyo hutulia tu. Bali malaria ya mara kwa mara humdhoofisha mtoto, navyo vikapata nafasi.

Huko Kampala Burkitt alijaribu dawa badala ya kisu, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Siku hizi wengi hupona, wakifika mapema na kumaliza dawa. Lakini uvimbe huu hukua upesi mno, hata kuongezeka maradufu kwa siku mbili tatu. Mzazi akiona taya limevimba na meno ya mtoto yanalegea, asitosheke na kung'oa jino wala asingoje mwezi uishe. Ampeleke hospitali ya Tumbi.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Uzeeni alihimiza watu wale nafaka isiyokobolewa (dona yetu angeisifu, nasi twakimbilia sembe). Alifariki tarehe 23 Machi 1993.