LUDWIG KRAPF, MKUSANYAJI WA MANENO

Wewe sasa unajua kusoma. Ukikutana na neno usilolijua, unaweza kufungua kamusi. Kamusi ni kitabu kinachopanga maneno kwa kufuata herufi, na kueleza maana ya kila neno. Je, umewahi kujiuliza ni nani waliokusanya maneno hayo? Leo utasoma habari za mtu mmoja aliyetangulia katika kazi hiyo. Jina lake ni Johann Ludwig Krapf.

1. Utoto na safari

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima, kama wengi wetu. Alipokuwa mtu mzima akawa mmisionari. Mwaka 1837 alikwenda Ethiopia, na huko alijifunza Kiamhari na Kioromo. Mwaka 1842 alizuiwa kurudi kwenye kituo chake. Basi akaamua kuja pwani ya Afrika Mashariki.

Januari 1844 alifika Unguja pamoja na mke wake, Rosine. Sultani Seyyid Said alimpa barua ya kumruhusu kusafiri. Wakahamia Mombasa, mji ambao leo uko Kenya.

2. Msiba

Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye mama alifariki kwa homa. Mtoto naye akafariki. Walizikwa Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa taabani. Alikuwa katika nchi ya ugeni, hana mke wala mtoto. Angeweza kurudi kwao, lakini hakurudi. Alipopata nafuu, aliendelea kuuliza maneno na kuyaandika.

3. Kazi ya kuuliza

Kuuliza neno si kazi rahisi. Fikiri kidogo. Mgeni asiyejua lugha yetu amefika Muleba wakati wa mvua. Usiku anaona watu wanakimbilia kwenye taa. Wanakamata wadudu na kushangilia. Anauliza kwa ishara, naye anaambiwa: senene. Neno amelipata, lakini maana bado. Je, ni jina la wadudu wote? Ni jina la taa? Au ni jina la furaha ile? Itambidi aulize tena kesho, na kesho kutwa, kwa watu wengine. Mwisho ataweza kuandika hivi: senene ni mdudu mfano wa panzi, huruka kwa makundi wakati wa mvua, na huliwa.

Krapf alifanya kazi ya namna hiyo kwa maelfu ya maneno. Aliwauliza watu wa Mombasa. Kadhi wa mji alimsaidia. Mwaka 1846 alikuja Mjerumani mwenzake, Johannes Rebmann, wakakaa pamoja Rabai. Rebmann naye alikusanya maneno kwa miaka mingi, mpaka macho yake yakapofuka.

Lakini tukumbuke jambo moja. Maneno hayakuwa ya Krapf. Yalikuwa ya watu wa pwani waliomfundisha.

4. Herufi

Usidhani kwamba Kiswahili hakikuandikwa kabla ya Krapf. Watu wa pwani waliandika barua na tenzi kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla yake. Ila herufi hizo zilikuwa na shida moja. Kiarabu kina alama za irabu 3 tu, yaani a, i na u. Kiswahili kina irabu 5. Hivyo maneno kama toa na tua yangeweza kuandikwa sawasawa. Krapf alitumia herufi za Kilatini. Ndizo hizi unazozisoma sasa.

5. Mwisho wa maisha yake

Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa Ujerumani. Mwaka 1853 alirudi kwao kwa sababu ya ugonjwa. Alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882. Ina kurasa zaidi ya 400, na maneno ya Kiswahili yameelezwa kwa Kiingereza. Tangu afike Mombasa hadi kamusi kutoka ilikuwa miaka 38. Yeye mwenyewe hakuiona.

Krapf alifuata zaidi Kiswahili cha Mombasa, yaani Kimvita. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hata hivyo, waliotunga kamusi baada yake waliitumia kazi yake. Mwaka 1981 ilitoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam. Humo Kiswahili kinaelezwa kwa Kiswahili chenyewe.

6. Na sisi je?

Ndugu msomaji, wazee wetu wa Bukoba na Muleba wanayo maneno mengi. Yako maneno ya migomba, ya uvuvi wa ziwani, na ya nguo zilizotengenezwa kwa magome ya miti. Mzee akifariki kabla hujamwuliza, neno lake huzikwa pamoja naye. Krapf alikuwa mgeni, naye aliuliza. Wewe ni mwenyeji, na kalamu unayo. Nunua daftari. Muulize bibi au babu neno moja kila siku, uliandike pamoja na maana yake.

Maswali

1. Kwa nini Krapf angeweza kurudi kwao mwaka 1844? Wewe ungefanya nini?
2. Tafuta katika habari hii maneno 3 yenye herufi sh. Eleza maana ya kila neno.
3. Ukitaka maana ya neno wanapanda, usitafute kwenye W. Ondoa viambishi, utafute panda kwenye P. Neno panda lina maana ngapi? Zitaje.
4. Andika neno moja la Kihaya ambalo vijana wa siku hizi hawalijui. Lieleze kwa Kiswahili, kisha uwasomee wenzako darasani.