Georg Ohm, mwalimu aliyetufundisha kupima umeme

Kama unatumia sola hapa Nakivale, huenda umeona taa ikiwaka vizuri karibu na betri, lakini ukiivuta kwa waya mrefu mwembamba hadi jikoni inafifia. Sababu yake ilielezwa na Georg Simon Ohm.

Ohm alizaliwa mwaka 1789 mjini Erlangen, Ujerumani. Baba yake, fundi wa kufuli, alijisomea mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe hesabu na sayansi. Ohm alifiwa na mama akiwa na miaka 10. Aliacha chuo kikuu bila kumaliza, akaenda Uswisi kufundisha hesabu huku akijisomea. Mwaka 1811 alipata shahada ya udaktari.

Mwaka 1817 alianza kufundisha shule moja mjini Cologne. Huko alipima umeme unaopita kwenye nyaya za urefu mbalimbali, na mwaka 1827 akachapisha kitabu chenye kanuni yake. Wasomi wengi nchini mwake hawakukithamini. Aliacha kazi, akaishi miaka kadhaa bila kazi ya kudumu. Heshima ilikuja mwaka 1841, Royal Society ya London ilipomtunuku medali ya Copley. Alifariki mwaka 1854. Leo ukinzani unapimwa kwa omu, kipimo chenye jina lake.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Volti ni nguvu inayosukuma umeme. Ampea ni kiasi cha mkondo unaopita. Omu ni ukinzani unaouzuia. Gawanya volti kwa omu, utapata ampea. Betri ya volti 12 kwenye ukinzani wa omu 6 hupitisha ampea 2. Ukinzani ukifika omu 12, inapita ampea 1 tu.

Waya mrefu na mwembamba una ukinzani mkubwa, ndiyo maana taa ya jikoni inafifia. Unaponunua waya Mbarara, mweleze muuzaji umbali na idadi ya taa zako, akupe waya wa unene unaofaa.

Tena kuwa mwangalifu: nyaya mbili za betri zikigusana, ukinzani karibu unatoweka. Mkondo unakuwa mkubwa mno, waya unapata moto na nyumba inaweza kuungua. Weka fyuzi karibu na betri. Ikikatika, usiweke kipande cha waya mahali pake. Tafuta kwanza hitilafu, kisha weka fyuzi nyingine ya ampea zilezile.