Carl Sagan: Mtafiti Aliyekosa Alichokitamani

Nyumbani ni Tororo, nasoma Kenya. Kila nikivuka mpaka wa Busia nasikia Kiganda upande huu na Kiswahili upande ule, nami humkumbuka Carl Sagan, mwanaastronomia wa Marekani aliyezaliwa New York mwaka 1934. Mwaka 1977 aliongoza kamati iliyokusanya salamu za lugha 55 katika santuri iliyopakwa dhahabu, ikarushwa angani na vyombo vya Voyager. Kiganda kimo, Kiswahili hakimo.

Umri wake aliutumia kutafuta uhai nje ya dunia. Mwaka 1976 vyombo vya Viking vilitua Mirihi na kupima udongo. Alitamani sana uhai upatikane; vipimo havikuuthibitisha, naye hakudai kuwa umepatikana. Alifariki mwaka 1996.

Hakuwa mtu wa dini. Sisi tunasoma katika Sura ya Ash-Shura, aya ya 29, kwamba Allah ametawanya viumbe mbinguni na ardhini. Lakini muhula uliopita, matokeo yangu ya maabara yalipokataa kulingana na kitabu, mimi mwenye aya hiyo nilishika kalamu niyarekebishe. Nikamkumbuka Sagan, nikaona haya. Nikaandika nilichokiona. Elimu ni amana, ndugu zangu.